Daftari Lililokwenda Koboko

Mama mmoja, msuka makawa ya kufunikia chakula wa mtaa wa Wanubi pale Arua mjini, alisimama mlangoni mwa darasa langu akiwa amemshika binti yake kifundo cha mkono. Hakumshika kiganja. Alimkamata kama mtu anayejua kwamba akilegeza tu, mtoto hayupo.

"Mwalimu, sikufichi," alisema. "Shule mbili zimenirudishia huyu. Anasikia, anaona, kifafa hana. Lakini hajibu watu."

Msichana alikuwa na miaka minane, mwembamba, na macho yake yalikuwa juu ya dari, palipokuwa na tundu la mwanga. Niliinama mbele yake.

"Jina lako nani?"

"Jina lako nani?" akasema, kwa sauti yangu ileile. Nilikuwa na mafua siku hiyo, na hata ule mkwaruzo wa koo aliutoa sawasawa.

Darasa zima likaangua kicheko. Mama yake alifumba macho, akangoja nimrudishe.

Sikumrudisha, na sababu haikuwa huruma. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa darasa la kwanza, mtoto wa wakulima wa Ayivu, na nilijiamini kupita kiasi. Ulikuwa mwaka wa sabini na sita. Kiswahili nilikipata kwa baba yangu, aliyekuwa askari enzi za Waingereza, na kwa lugha hiyo niliweza kusema na watoto wa mjini ambao kwao walizungumza Kinubi. Nilidhani kuweza kusema nao ndiyo kazi yote.

Mwalimu mkuu alikuja baadaye kumtazama. Aliuliza swali moja, akarudishiwa swali hilohilo, akanigeukia mimi. "Muhula mmoja," alisema. "Akivuruga darasa, anaondoka. Usinilazimishe kusema mara mbili."

Wiki ya kwanza sikumwelewa hata kidogo. Alipanga vipande vya chaki kwa urefu kwenye ukingo wa dirisha, na mwenzake akigusa kimoja alipiga ukelele uliowatoa walimu madarasani. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa karibu na stoo, na ilipigwa kwa nondo. Kila ilipolia, alijikunja chini ya dawati na kuziba masikio. Siku ya tano hakujikunja. Alikimbia.

Alitoka mlangoni kabla sijageuka ubaoni, akakata uwanja, akashika barabara ya kwenda Manibe. Nilimfuata nikiwa nimevua viatu. Magari ya jeshi yalipita pale kwa kasi bila kumpunguzia mtu mwendo, na niliyasikia mawili yakija nyuma yangu. Yeye alikuwa katikati ya barabara, anakwenda mbele tu. Nilipaza sauti, "Usikimbie! Usikimbie!" Nilimfikia nikamvuta mtaroni, magari yakatupita na vumbi lake. Kisha nikampiga kofi.

Hakulia. Aliutazama mkono wangu, akasema, "Usikimbie. Usikimbie," kwa sauti yangu iliyojaa hofu. Nimeishi na watoto wengi tangu hapo, na nimefanya makosa mengine, lakini hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Likizo iliyofuata walimu wa wilaya nzima tuliitwa kwenye mafunzo ya wiki moja pale Arua. Wakati wa chakula nilikaa karibu na mwalimu mmoja wa Koboko, mtu wa makamo, mrefu, mwenye shati lililotiwa viraka kwa ustadi. Alikuwa Msudani. Alivuka mpaka kama mkimbizi miaka ya sitini, na vita vyao vilipokwisha wenzake wakarudi, yeye alibaki kwa sababu alishaoa kijiji cha Kuluba, karibu na Koboko, na kulima huko. Nilimsimulia habari za yule binti, kwa malalamiko zaidi kuliko kwa kuomba msaada. Alicheka kidogo, kisha akaweka bakuli lake chini.

"Na mimi niko naye," alisema.

"Nani?"

"Mtoto wa namna hiyo. Wangu ni mvulana wa miaka kumi na miwili. Mwaka wa kwanza nilidhani ni kiburi. Mwaka wa pili nilidhani ni mimi sijui kufundisha. Sasa ni mwaka wa tatu, ndiyo nimeanza kumtazama. Huyo wako akirudia maneno yako, dada, hakudharau. Ameyapokea, ila hajui ayaweke wapi. Usimuulize. Anza wewe sentensi, umwachie mwisho wake. Ukisema 'Jina langu ni', nyamaza. Nyamaza kweli. Usimsaidie."

Nilirudi darasani muhula ulipofunguliwa, nikaketi mbele ya msichana, nikasema, "Jina langu ni." Nikanyamaza. Nyuma yangu watoto themanini walikuwa wakisukumana. Nilihesabu moyoni, nikafika thelathini, nikakaribia kukata tamaa. Ndipo akalitaja jina lake, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Ilikuwa yake, nzito kuliko nilivyodhani.

Siku hiyohiyo nilinunua daftari.

Mpango niliokubaliana na mwalimu wa Koboko ulikuwa mwepesi. Daftari moja, watu wawili. Mimi naandika yaliyotokea kwangu kwa wiki moja, nampa kondakta wa basi la Koboko, mwalimu yule anasoma, anaandika yake, analirudisha. Hatukuandika majina ya watoto, maana mambo hayo yalisemwa kwa minong'ono, na wazazi walishachoka na watu wa kuwaambia kuhusu mapepo. Binti yangu tulimwita Mdogo. Mvulana wake tulimwita Mkubwa.

Niliandika kwamba Mdogo anatulia akikaa karibu na mlango. Aliniandikia kwamba Mkubwa hukasirika ratiba ikibadilika, basi yeye humchorea mapema kwenye kipande cha karatasi: kwanza hesabu, kisha mpira, kisha nyumbani. Nikafanya hivyo na mimi. Aliniuliza kama kengele haiwezi kusogezwa, nikambembeleza mlinzi wa shule tukaitundika nyuma ya stoo, sauti ikawa ya mbali. Mwalimu mmoja wa Manibe alisikia habari hizi, akaanza kuja Jumamosi kusoma daftari na kunakili. Yeye alikuwa na watoto wawili wa namna hiyo.

Katikati ya mwaka uliofuata, mama wa msichana alikuja siku moja akasimama nje ya dirisha, kawa ambalo halijamalizika kichwani. Nilikuwa naanza darasa. "Leo ni siku ya," nikasema. "Jumatatu," binti yake akajibu. Mama alisimama pale hadi mapumziko, kisha akaenda zake.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na saba. Watu wa mbali hudhani kwamba sisi wa West Nile hatukuogopa, kwa kuwa wakubwa wengi wa jeshi lililotawala nchi walitoka kwetu. Tuliogopa vilevile. Tofauti ni kwamba waliokuja kutuchukua tuliwajua, wengine tulisoma nao. Mtu akipandishwa garini mchana, aliyekuwa akinunua chumvi aliendelea kununua chumvi.

Alhamisi moja kondakta wa basi alikuja shuleni kwa miguu. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

"Mwalimu, wamechukua daftari," alisema. "Kwenye kizuizi cha barabara, njia ya Koboko. Wameuliza nani anaandika. Nimewaambia. Nisamehe. Na yule mzee wako wa Koboko wamemtoa darasani jana mchana."

Kesho yake watu wawili walikuja kunichukua. Walipita kwanza ofisini, na nilimsikia mwalimu mkuu akisema kwa sauti kubwa, ili hata sisi tusikie, kwamba yeye hajui lolote kuhusu daftari. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alikuwa na watoto tisa.

Ofisi waliyonipeleka ilikuwa na meza, simu nyeusi, na kiti kimoja upande wangu. Ofisa alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia. Daftari letu lilikuwa wazi mbele yake, na alikuwa amepiga mistari myekundu chini ya maneno mengi.

"Mkubwa nani?" aliuliza.

"Ni mtoto wa shule, afande. Wa Koboko."

"Mtoto anaitwa Mkubwa?"

"Tumemwita hivyo kwa kuwa ana miaka kumi na mitatu. Yule mwingine ana tisa."

Akasoma, kidole chake kikifuata mstari. "'Mdogo ametulia tangu tulipohamisha chuma nyuma ya stoo.' Chuma gani hiyo?"

"Rimu ya lori, afande. Kengele ya shule."

"Kengele iko ya kufichwa?"

Nilipousikia mstari wangu mwenyewe kinywani mwake, nilielewa. Daftari zima lilikuwa hivyo. Mkubwa amekasirika kwa sababu mpango ulibadilika. Mdogo amekimbia tena njia ya Manibe. Mlango wa nyuma uachwe wazi. Tuliandika ili kuwakinga watoto wetu na aibu ya mtaani, na tukaandika kama watu wanaopanga kuua.

"Na huyu mutu ya Sudani," aliendelea, "yeye iko mwalimu ya kweli?"

"Ni mwalimu wa kweli, afande. Kuliko mimi."

Alifunga daftari. "Leta hiyo Mdogo hapa. Kesho saa nne asubuhi. Kama hakuna mtoto, tutajua hii yote iko uongo. Yako na ya Msudani."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama wa msichana. Alikuwa amekaa mkekani uani, anasuka, na binti yake kando anampangia nyuzi kwa rangi. Nilimweleza yote bila kukaa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umemwandika mwanangu kwenye karatasi?"

"Ndiyo, mama."

"Bila kuniuliza."

"Bila kukuuliza."

Akasuka mzunguko mmoja.

"Nisipomleta?"

"Nitarudi peke yangu, niwaambie tena."

"Na yule mwalimu wa Koboko?"

"Sijui, mama."

Alisuka mzunguko wa pili. Mume wake alikwenda Kampala kikazi miaka mitatu nyuma na hakurudi wala kuandika, hilo nililijua, na nilijua pia kwamba mama hakuwahi kupata ofisi ya kuulizia. Hatimaye akaweka kawa chini.

"Basi mchoree," alisema. "Usimwambie uongo. Mchoree kila kitu."

Nilichora pale chini kwenye ukurasa wa daftari la hesabu: njia, nyumba, meza, mtu amevaa kofia, simu, mama, mimi. Kisha njia tena. Kisha sufuria ya chakula nyumbani. Msichana aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye sufuria, hakukiondoa. Tulirudia mara tano jioni hiyo. Mimi sikujua kama ile sehemu ya mwisho ni kweli.

Saa nne asubuhi tulikuwa watatu mbele ya meza. Ofisa alimtazama msichana, naye akatazama waya wa simu.

"Jina lako nani?" ofisa aliuliza.

"Jina lako nani?" alisema msichana. Alimwiga mzimamzima, mpaka ule ukali wa mwisho wa sentensi.

Askari aliyekuwa mlangoni alikohoa. Ofisa alisimama. "Nimeuliza jina lako!"

"Nimeuliza jina lako!"

Mama alimvuta binti yake ubavuni. Niliona mkono wa ofisa umekaa juu ya meza, umekunjwa, na nikasikia mdomo wangu unasema kabla sijafikiri. "Afande, ukurasa wa pili. Tafadhali. Imeandikwa hapo."

"Nini?"

"Namna ya kumuuliza. Huyu haulizwi, afande. Anaanziwa. Mtu anasema 'Jina langu ni', halafu ananyamaza. Soma uone kama nimeitunga leo."

Ofisa akafungua ukurasa wa pili, akasoma. Nilimwona akisoma mara mbili. Ilikuwa kumwomba jambo gumu mbele ya askari wake, na nilijua kwamba kama akiona haya, hatutatoka.

Akaketi. "Jina langu ni," alisema, polepole, akanyamaza.

Msichana alipitisha kidole kwenye ukingo wa meza, kwenda, kurudi. Mama yake alikuwa anatikisa midomo, nikamkanyaga mguu asimsaidie. Kidole kilikwenda, kikarudi. Ndipo akalitaja jina lake, kisha la baba yake, yote mawili.

Simu ikalia.

Msichana alipiga ukelele, akajitupa chini ya meza, miguuni pa ofisa, mikono masikioni. Askari wa mlangoni alishika bunduki. Ofisa alinyakua simu upesi, na nilidhani anataka kumpiga nayo, lakini aliipeleka sikioni. Alisikiliza, akasema "Ndiyo, bwana" mara tatu, akaweka simu chini. Uso wake ulikuwa umebadilika. Aliyempigia alimtisha zaidi kuliko sisi tulivyomkasirisha. Alichukua kofia.

"Ondokeni," alisema. "Na usiandike tena kitu kama hii. Umesikia? Hata neno moja."

"Na yule mwalimu, afande?"

"Nimesema ondokeni."

Daftari lilibaki mezani. Tulimtoa msichana chini ya meza kwa kumwonyesha mchoro wa sufuria, tukatembea hadi kwao bila kugeuka nyuma. Mama aliwasha moto, akapika, akampakulia binti yake.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Koboko. Mke wa mwalimu hakujua mume wake yuko wapi, na hakutaka nikae sana nyumbani kwake, kwa kuwa majirani walikuwa wanatazama. Alinionyesha shule. Mvulana tuliyemwita Mkubwa alikuwa peke yake kwenye dawati lake, mikono mapajani. Mke wa mwalimu alisema huja kila siku, hata Jumamosi, hata Jumapili, tangu siku mwalimu alipochukuliwa, kwa sababu hakuna aliyemchorea kwamba mambo yamebadilika. Nilichukua chaki nikajaribu. Sikujua namna ya kumchora mtu ambaye hatujui kama atarudi. Mwishoni nilichora mwalimu, njia ndefu, na nyumba ya mvulana. Aliutazama mchoro, akainuka, akaenda kwao. Jumatatu, nilisikia baadaye, alirudi dawatini.

Wiki sita zilipita. Kila Jumamosi nilikwenda, na kila mara kwenye kizuizi cha barabara nilishuka na mikono mitupu, sina hata kalamu. Jumamosi ya saba nilimkuta mwalimu mwenyewe amekaa kwenye kiti nje ya nyumba, amekonda, sikio lake la kushoto halisikii tena. Nilianza kuomba radhi. Alinikatiza kwa mkono.

"Waliniuliza habari za Mkubwa kila siku," alisema. "Nikawaambia. Anavyokula. Anavyoogopa mvua juu ya bati. Siku ya kwanza walinipiga kwa sababu yake. Siku ya ishirini waliniuliza tena, nikawaambia yaleyale, maana sikuwa na mengine. Mwisho, yule aliyekuwa akiandika aliuliza, 'Na mvua ikianza, unamfanyaje?' Nikajua wamechoka kuona njama." Akatabasamu upande mmoja. "Sogea huku, sikio hili ndilo zima. Niambie, wako yukoje?"

Hatukuandika tena. Badala yake tukawa tunakutana, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Arua au Koboko kwa zamu, kila mtu amebeba yake kichwani. Mwalimu wa Manibe alikuja. Mwaka wa sabini na nane tulikuwa walimu sita kutoka shule tano, na mama wa msichana naye akaanza kuja, akakaa nyuma na kusuka, na mara nyingine alitusahihisha. "Hapana, mwalimu," alikuwa akisema, "hapo hakasiriki. Hapo anaogopa. Tazama mabega." Mwalimu mkuu wangu hakuja hata mara moja, ila hakuuliza tena habari ya muhula mmoja.

Vita vilipotufikia mwaka wa sabini na tisa, mji ulimwagika njia zote. Mimi na watu wa kwetu tulivuka kuingia Zaire. Mama na binti yake walikwenda Koboko, kwa mwalimu, na kutoka pale wakavuka pamoja naye na mke wake kuingia Sudani, nchi aliyoikimbia yeye mwenyewe. Mvulana tuliyemwita Mkubwa alibaki na wazazi wake. Habari zake sikuzipata tena, na nimeuliza sana.

Nilikuwa karibu na kustaafu nilipolisikia neno usonji, jina la hali ya watoto kama Mdogo na Mkubwa, kwa mara ya kwanza, kwenye semina. Kijana aliyetufundisha alikuwa mpole na alijua mengi. Alisema katika mkoa wetu jambo hili halijawahi kushughulikiwa shuleni, kwamba sisi ndio wa kwanza. Niliinua mkono, kisha nikaushusha, kwa sababu sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha.

Mama wa msichana nilikutana naye sokoni Arua, miaka kadhaa baada ya watu kurudi. Alikuwa amezeeka, na makawa yake yalikuwa na rangi za Kisudani. Mwalimu wetu wa Koboko, aliniambia, alifia Sudani, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa homa, na alifundisha hadi wiki yake ya mwisho. Kisha nikauliza habari za binti yake.

"Yupo nyumbani," alisema. "Anasuka kunishinda. Na siku hizi anasema maneno yake mwenyewe, mwalimu, si ya watu. Mengi ni ya kunikatalia." Akacheka, akajipangusa jicho kwa ncha ya mtandio. "Leo asubuhi nimemwambia, twende sokoni. Akasema, nenda wewe."